Siku sita nyuma ya Queen: mimi, Dada na binamu

Nimeahidi nitaandika hii safari kabla haijaanza kufutika kichwani, maana kufutika ndo habari yenyewe. Tulikuwa watatu. Mimi niliyekuwa mwanafunzi London miaka ya themanini na sasa naishi Dar, dada yangu mkubwa aliyeenda London mwaka 1982 kusomea unesi na hajarudi mpaka leo, na binamu yetu wa Unguja ambaye enzi hizo alikuwa baharia. Wote tuna miaka sitini na kitu. Mimi niliwaona Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, uwanja wa Wembley Jumamosi ya tarehe 12 Julai 1986, binamu akawaona Knebworth tarehe 9 Agosti mwaka huohuo. Dada, ambaye ndo alitufundisha sote kuwapenda, hakuwaona kabisa.

Hilo la Dada tumelibeba miaka karibu arobaini bila kulizungumza vizuri. Alinunua tiketi mbili za Wembley, yake na yangu, kwa mshahara wake wa unesi, alafu wiki ya konsati wodini wakapungukiwa watu akapangiwa zamu Jumamosi mchana mpaka usiku. Akanipa tiketi zote mbili akaniambia yake niiuze, watakuja tena mwakani. Hawakuja tena.

Siku ya kwanza, Feltham

Tumetua asubuhi mimi na binamu, Dada katupokea, mabegi tumeyaacha kwake na hatukulala. Tukapanda treni Waterloo mpaka Feltham, haifiki hata nusu saa. Ni mtaa wa kawaida kabisa wa nyumba za matofali karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, ndege zinapita juu yako kila baada ya muda mfupi mpaka unakatisha maneno unasubiri zipite. Nyumba namba 22 Gladstone Avenue ina kibao cha buluu ukutani, kiliwekwa 2016, kinasema aliishi hapa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, na kwenye mabano wameandika Fred Bulsara.

Binamu alisimama mbele ya hicho kibao muda mrefu sana. Yeye kakulia Shangani, Mji Mkongwe, na alipokuwa mtoto hakuna mtu aliyekuwa anamwambia habari za huyu mtu. Farrokh Bulsara, ndo Freddie mwenyewe, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, baba yake alikuwa karani wa fedha wa serikali ya Waingereza, akiwa na miaka minane wakampeleka shule ya bweni Panchgani kule India, akarudi, alafu 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia hapa Feltham, yeye ana miaka kumi na saba. Binamu anasema alikuja kulijua hilo akiwa melini, kaambiwa na Mfilipino! Mfilipino anamuuliza wewe si wa Zanzibar, kwenu si ndo kwa Freddie, na yeye anabisha. Siku hizi pale Shangani kuna makumbusho yake, yamefunguliwa 2019, watalii wanajaa, lakini binamu anasema kila akipita anasikia kama kuna deni hivi, kwamba sisi wenye mji tulichelewa kumjua mtu wetu.

Kitu ambacho sikuwa nakijua na Dada ndo katuonesha ni kwamba Brian May, mpiga gitaa wa Queen, naye kakulia Feltham hapahapa, mitaa michache tu kutoka kwa kina Bulsara, na hawakujuana utotoni. Yani kijana mmoja yuko nyumbani na baba yake kuanzia 1963 wanachonga gitaa kwa mikono yao, mbao wamezitoa kwenye fremu ya meko ya zamani, springi ni za valvu za pikipiki, hiyo ndo Red Special ambayo anaipiga mpaka leo, na hapo jirani kuna kijana kaja juzi kutoka Zanzibar na mabegi. Tuliutembea ule umbali kwa miguu, taratibu, na Dada goti linamsumbua, na bado ilikuwa ni safari fupi mno.

Siku ya pili, Wembley

Hii siku niliisubiri kuliko zote na ndo iliyonichanganya kuliko zote.

Tumeshuka Wembley Park, barabara ileile iliyonyooka kwenda uwanjani, lakini ukiinua macho hauoni ile minara miwili mieupe. Uwanja wa zamani, wa 1923, ulifungwa mwaka 2000 wakaubomoa, huu mpya ulifunguliwa 2007, una tao la chuma la mita 133 na viti elfu tisini, ni mzuri, sina neno, ila mi nilikuwa natafuta minara. Nilisimama palepale na nikashindwa kujua palepale ni wapi.

Tukaingia na msafara wa kutembeza wageni, tukakaa kwenye viti vya juu, binamu akasema haya bwana, simulia. Nikaanza. Nikawaambia jinsi lile pazia la moshi lilivyofunguka wakaingia na One Vision, Freddie na koti lake la njano na suruali nyeupe yenye mstari mwekundu, jinsi alivyokuwa anatembea na ile nusu stendi ya maiki utadhani ni fimbo ya kifalme, jasho linamtoka shingoni, anacheka kidogo alafu anaficha meno na mdomo wa juu kama kawaida yake. Nikawaambia jinsi alivyoimbishana na umati, yeye anaita eeeeo na sisi tunaitika, anapandisha sauti, anazungusha, na watu elfu sabini na kitu wanamfuata kama kwaya iliyofanya mazoezi mwaka mzima. Nikawaambia jinsi alivyosimamisha shoo akasema kuna uvumi kwamba Queen inavunjika, msiusikilize, tutakaa pamoja mpaka tufe.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Alafu akasema kwa upole kabisa, mdogo wangu, hiyo yote imo kwenye kanda. Wewe ulisimama wapi siku ile?

Nikamwambia nilisimama nyuma, karibu kabisa na goli la upande wa pili.

Akasema, sasa jasho la shingoni uliliona vipi?

Jamani. Nilikaa kimya. Maana ni kweli, kutoka pale nilipokuwa Freddie alikuwa kitu cha njano cha ukubwa wa punje ya mahindi, na kulikuwa na skrini kubwa juu ila hata hiyo ilikuwa mbali. Lile jasho, yale meno, ule mstari mwekundu, vyote nimevipata kwenye video. Shoo ya Jumamosi ndo ile waliyoirekodi wakaiuza dunia nzima, nami nimeiangalia mara ngapi sijui, kaseti ya kwanza ikakatika nikanunua nyingine, alafu DVD, na kidogo kidogo kamera ikaingia kichwani mwangu ikaketi mahali macho yangu yalipokuwa. Nimekuwa nawasimulia watu miaka yote hii kitu ambacho mtu yeyote mwenye televisheni anacho.

Dada akasema, mi hiyo kanda naijua sekunde kwa sekunde, nimeiangalia kuliko wewe. Nisimulie kitu ambacho hakimo kwenye kanda.

Nikajitahidi. Nilichopata siku ile kilikuwa kimoja tu, makofi ya wimbo wa Radio Ga Ga. Kwenye video unaona mikono yote inapanda pamoja, inapendeza. Ila ukiwa nyuma kule haikuwa pamoja. Sauti inachukua muda kusafiri, ni kama mita 340 kwa sekunde, sasa uwanja mzima ule kutoka jukwaani mpaka kwetu ni karibu theluthi ya sekunde, kwahiyo wa mbele wanapiga, alafu wa katikati, alafu sisi. Nilikuwa naiona mikono inakuja kwangu kama wimbi linalokuja ufukweni, na nikawa sijui nifuate macho au masikio, nikafuata masikio kwasababu wote walionizunguka walifuata masikio. Hilo nakumbuka mwenyewe, mwili unakumbuka.

Dada akafumba macho, akapiga makofi mawili kwenye mapaja. Akasema hiyo nimeipenda. Endelea. Sikuwa na ya kuendelea.

Siku ya tatu, Logan Place

Asubuhi mvua. Tumeshuka Earl's Court tukatembea mpaka Logan Place, Kensington, kwenye nyumba aliyofia, Garden Lodge. Ukuta mrefu wa matofali, kimya. Zamani ukuta na mlango ule ulijaa maandishi ya mashabiki kutoka kila nchi, Dada anasema aliandika na yeye, sasa umesafishwa wote hauna kitu. Ule mlango wa kijani wenye maandishi uliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's 2023 pamoja na vitu vyake vingine, ukaenda kwa zaidi ya pauni laki nne, na taji na joho alilokuwa anavaa mwisho wa shoo za 1986 likaenda kwa zaidi ya laki sita. Mimi sikufurahia huo mnada na mpaka leo sijaufurahia.

Hapa aliyesimulia ni Dada. Baada ya 1986 alihamishiwa wodi ya wagonjwa wa ukimwi, hospitali siitaji, na kwa miaka mingi alituandikia barua bila kusema anafanya kazi wapi. Anasema kulikuwa na wahudumu wanaacha sahani ya chakula mlangoni wanaondoka. Kuna ndugu wanakuja mpaka korido wanageuza. Vijana wa miaka ishirini na tano wana kilo thelathini na tano. Aprili 1987 Diana alipompa mkono mgonjwa bila glavu kwenye wodi mpya pale Middlesex Hospital, Dada anasema wao manesi walilia, si kwa sababu ya binti mfalme, ni kwasababu wao walikuwa wanashika mikono ileile kila siku na kurudi nyumbani wakiogopa kuwaambia majirani.

Tangazo la Freddie kwamba ana ukimwi lilitoka Novemba 23, 1991, siku ya pili jioni akafariki, miaka 45. Dada alikuwa zamu tena. Anasema mgonjwa mmoja alikuwa na redio ndogo, akaiongeza sauti, wodi nzima ikanyamaza, na yule mgonjwa akasema kwahiyo na yeye ni mwenzetu.

Hatukuongea sana baada ya hapo. Tulikaa kwenye kituo cha basi mpaka mvua ikapungua.

Siku ya nne, Knebworth

Treni ya King's Cross mpaka Stevenage, alafu teksi. Knebworth ni jumba la kizamani lenye minara mingi na bustani kubwa mno, kuna paa wanatembea, nyasi mpaka mwisho wa macho. Binamu alikuwa kama kijana. Tangu tunashuka kwenye teksi anaonesha kwa mkono, jukwaa lilikuwa kule, magari yalijaa kule, mi nilisimama hapa, hapana, hapa!

Huyu konsati yake haikutoka video kamili kama ya Wembley, kwahiyo hakuna kitu kilichomwingilia. Na alivyosimulia, wallahi, nilimuonea wivu. Meli yao ilikuwa imefunga Tilbury, Mwingereza mmoja mwenzao wa injini alikuwa na tiketi ya ziada, wakaondoka alfajiri wakiwa wanne kwenye gari bovu, wakakwama kwenye foleni ya barabara kuu mpaka watu wakaacha magari wakatembea. Watu zaidi ya laki moja na ishirini elfu ndo wanaotajwa siku ile. Anasema alikanyagwa kiatu kikatoka, akainama kukitafuta akakuta viatu vya watu wengine tu, akachukua kimoja kisicho chake akavaa. Anasema ikasikika ngurumo juu, watu wote wakainua shingo, helikopta imechorwa zile sura za katuni za albamu ya A Kind of Magic inapita juu ya vichwa vyao, na umati ukapiga kelele mpaka hakuisikia tena helikopta yenyewe. Anasema harufu ya nyasi zilizopondwa mpaka leo akiisikia popote, hata mtu akifyeka uwanja tu, anarudi pale.

Nikamuuliza, mlijua ni ya mwisho?

Akasema tungejuaje? Yeye mwenyewe alitoka na taji na joho, akaliinua taji juu, akatushukuru akatutakia usiku mwema na ndoto njema. Na yule mpiga besi John Deacon, ambaye ni mpole siku zote, akalirusha besi lake kwenye spika. Binamu anasema aliona besi linaruka akadhani ni furaha. Tukaondoka tunaimba, tunasukumana gizani tunatafuta gari, hakuna aliyegeuka kuangalia nyuma. Kesho yake ndo tukasikia kwamba kijana mmoja alichomwa kisu mle kwenye umati akafa, na sisi tulikuwa mle mle hatukujua, kila mtu alikuwa na konsati yake.

Akatembea peke yake kama hatua hamsini hivi, akasimama akageuka kuangalia kule jukwaa lilipokuwa. Tukamuacha.

Dada akaniambia umeona? Huyu hana picha hata moja lakini ana kila kitu.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Usiku ule sikulala, nikawa nalitafuta lile la kwangu.

Siku ya tano, njiani

St Pancras mpaka Paris, tukabadilisha kituo mpaka Gare de Lyon, treni ya Lausanne kule Uswisi, alafu ile ya pembeni ya ziwa. Viza ya Schengen ilikuwa kazi kuliko safari yenyewe. Binamu kalala njia nzima. Dada kasikiliza muziki kwenye visikizio, midomo inacheza.

Siku ya sita, Montreux

Sanamu iko pale kando ya ziwa, Freddie wa shaba nyeusi, karibu mita tatu, ngumi juu, anaangalia maji na milima ya ng'ambo. Aliichonga Irena Sedlecká, ikazinduliwa Novemba 1996. Miguuni maua, mengine yamekauka, mengine ya asubuhi ile. Wapo mashabiki wa kila umri, wengine hawakuwa wamezaliwa 1991, na wote wanasubiri zamu zao za picha kwa adabu, hakuna anayesukuma.

Kwanza tukaingia kasino, ilipokuwa studio yao, Mountain Studios, waliimiliki kuanzia 1979 mpaka 1993 na sasa ni makumbusho. Chumba ni kidogo kuliko nilivyodhani. Kuna karatasi za mashairi kwa mwandiko wake, na hapo ndipo mwezi wa tano 1991 alirekodi sauti zake za mwisho, akiwa hawezi kusimama muda mrefu. Brian amesimulia kwamba kwenye wimbo wa Mother Love Freddie alifika sehemu akasema nimechoka, nitarudi kumalizia, na hakurudi, ubeti wa mwisho akauimba Brian. Dada aliposikia hilo akashika mlango. Watakuja tena mwakani, nitarudi kumalizia, ni maneno yaleyale.

Ndo nikaamua kusema.

Tukakaa kwenye benchi, ziwa mbele yetu, binamu kaenda kutafuta maji ya kunywa. Nikamwambia Dada, ile tiketi yako sikuiuza. Akanigeukia. Nikamwambia zile hela nilizokuletea Jumapili zilikuwa za posho yangu, niliogopa utasema nimechezea jasho lako. Pale getini kulikuwa na msichana kasimama pembeni ya mstari, hana tiketi, wala haombi, kasimama tu anasikiliza bendi za utangulizi zikipiga ndani. Nikampa. Hakuamini, akaigeuza akaisoma nyuma na mbele, alafu akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili akawa hauachi, tukapita geti hivyohivyo tumeshikana kama ndugu.

Dada akauliza, alikuwa na umri gani?

Nikasema kama wewe wakati ule, ishirini na tatu, ishirini na nne. Alikuwa na koti la mvua la buluu, kubwa kuliko yeye, mikono kaikunja.

Akasema alisimama na wewe?

Mwanzo mpaka mwisho. Na hapo, sijui kilitoka wapi, vikaanza kuja. Kwamba alikuwa mfupi haoni kitu, tukampandisha mimi na jamaa mmoja mnene wa pembeni, akakaa mabegani kwa yule jamaa nyimbo nne nzima. Kwamba kwenye Love of My Life, Freddie alipoacha umati uimbe, yeye hakuimba, alinyamaza kimya kabisa akawa anasikiliza watu, na mimi nikanyamaza kwasababu yake, na kwahiyo niliusikia ule uwanja kama mtu wa nje, sauti moja nene inayopumua. Kwamba jua lilipozama, kama saa tatu na nusu hivi, akanifunika na upande mmoja wa lile koti kwasababu mi nilikuwa na shati tu. Kwamba aliniuliza ya nani hii tiketi, nikamwambia ya dada yangu, ni nesi, yuko zamu, akasema mwambie. Hakumalizia mwambie nini, wakaanza wimbo mwingine.

Na mi sikukwambia, nikamwambia Dada.

Alikuwa analia na anacheka, kanishika mkono, na yeye kwa mikono yote miwili. Binamu akarudi na chupa za maji akasimama hajui akae au aondoke, Dada akamvuta kwenye benchi.

Akasema kaa. Alafu akanigeukia, haya, anza tena. Anzia getini.